Mtafiti Hakuandika Jina

Mfuaji wa nguo alifika kwenye benchi la fundi viatu mtoto mgongoni, pumzi juu juu, maana yule mtafiti wa jana, dada mpole aliyembebea mtoto na kumwambia hata mimi nimelea peke yangu, alikuwa ameondoka na kinasa sauti, na ndani yake kulikuwa na neno ambalo mama mkwe akilisikia angekuja kumchukua mtoto siku hiyo hiyo. Basi akawauliza wanywa kahawa, kwa kuwa hakuwa na mwingine wa kumwuliza: mtu akishasema, anaweza kurudisha?

— Ulisaini? aliuliza Wakili, ambaye mahakamani aliwahi kwenda kupaka rangi tu.

— Nilisaini, kwa dole gumba tu. Alinisomea, akasema ni hiari, naweza kujitoa hata baadaye, lakini mtoto alikuwa analia, sikushika yote.

— Umekwisha. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Maana yake, usisaini mtoto akilia.

— Yule si mtafiti, alisema Redio, ambaye habari ya mtaa haikuwahi kulala kwake. Mtafiti gani anabeba mtoto? Alikuwa anapima uzito. Wanakusanya sauti za kina mama, mashine inaita kwa sauti yako, mtoto anaifuata mwenyewe.

— Wa miezi saba, anafuata kwa miguu ipi? aliuliza Wakili.

— Ndiyo maana nasema mashine.

Fundi viatu alitoa misumari mdomoni.

— Mimi pia alinihoji. Akanisikiliza mpaka mwisho. Mke wangu hajawahi. Hapo ndipo nilipoogopa.

— Kwani ulimwambia nini, mdogo wangu? Redio alimsogelea mfuaji.

— Mambo ya nyumbani tu.

— Si alikuachia namba? alisema fundi. Mpigie, afute.

Mteja mmoja, mgeni pale, alikuwa amesimama na kiatu chake mkononi.

— Samahanini. Jina lako aliliandika?

— Hapana. Aliahidi hataliandika popote.

— Sasa, kina mama wote hao hawana majina. Atajuaje amfute yupi?

Fundi akarudisha misumari mdomoni. Mfuaji peke yake ndiye aliyejua, na jibu likamtoka kabla hajalishika.

— Atanijua. Ni mimi niliyempa mtoto dawa ya kikohozi naye hakohoi, ili alale, nisifukuzwe kazi.

Hakuna aliyemtazama.

— Hapa ni kaburini, mdogo wangu, alisema Redio. Neno halitoki.

Akawa wa kwanza kuinuka, kikombe chake bado kimejaa.