Kaka Aliyepiga Simu Bila Salamu

Ndugu, jamaa na marafiki mliofika kumsindikiza mpendwa wetu, familia imenituma mimi, mdogo wake wa pekee, mshonaji wa sare za shule, niwasomee maisha ya kaka, na naomba mnivumilie, kwa sababu karatasi hii nimeiandika mara mbili, ile ya kwanza niliichana juzi Jumapili.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Agosti 1953, mtoto wa kwanza wa karani wa posta na mkunga, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni ya reli. Alianza shule ya msingi Januari 1961, akamaliza sekondari Novemba 1971, na kipaji chake kilionekana mapema, maana akiwa darasa la tatu alikuja nyumbani analia kwamba nimetumbukia kisimani, mama akatoka mbio na kandambili moja, akanikuta nacheza, marehemu akachapwa vizuri tu, halafu wiki nzima mama akawa anawasimulia majirani jinsi mwanawe anavyojua kulia.

Machi 1972 aliajiriwa kuwa karani wa bohari katika kiwanda cha viatu, akajiunga na kikundi cha maigizo cha wafanyakazi, na tarehe 2 Mei 1984 akaingia kwenye filamu yake ya kwanza, mhudumu wa hoteli mwenye maneno mawili, "Karibuni tena", aliyoyafanyia mazoezi mwezi mzima hadi sisi nyumbani tukawa tunaogopa kutoka mlangoni. Kuanzia hapo akapata jina, filamu thelathini na nane, tuzo tano, na kwa kuwa aliigiza baba wa kila namna, baba mlevi, baba mkali, baba anayesubiri barua, watu walimwita Baba wa Wote, wakamsimamisha barabarani wapige naye picha, wakishapiga wanaenda zao.

Tarehe 14 Desemba 1985 alifunga ndoa na mwalimu wa hisabati, wakajaliwa binti mmoja, aliyezaliwa tarehe 3 Februari 1988, ambaye ni daktari wa meno ng'ambo na leo yuko nasi. Ndoa hiyo iliisha mwaka 1999 bila ugomvi, wifi alichoka tu kutojua lini mume amekasirika kweli na lini anafanya mazoezi, na namshukuru kwa kufika. Tangu hapo marehemu aliishi peke yake, ghorofa ya tatu, katika nyumba ambayo wengi wenu mmeiona kwa mara ya kwanza wiki hii.

Sasa niwaeleze jinsi kaka alivyofanya kazi. Tangu mwaka 1991, nilipowekewa simu dukani, alikuwa akinipigia bila salamu, anaanza moja kwa moja na maneno ya filamu kana kwamba ni yake, nami nilikuwa siruhusiwi kuuliza, nasikiliza hadi mwisho, kisha nasema nimeamini au sijaamini, naye anashukuru, ndipo tunasalimiana. Miaka hii ya mwisho alipiga zaidi, na mara nyingi nikishatoa jibu alikata bila salamu, nami nikadhani umaarufu umempanda kichwani. Siku moja alisema amepakua chakula sahani mbili ndipo akakumbuka yuko peke yake, nikamwambia sijaamini, mtu hasahau kitu kama hicho. Siku nyingine alisema televisheni imeharibika lakini anaiacha palepale apate kitu cha kutazamana nacho, nikamwambia hapo mwandishi ametia chumvi mno.

Alhamisi tarehe 8 Juni 2023, saa tisa alasiri, alipiga nikiwa nakata kola, simu nimeibana begani, akasema kifua kinambana, mkono wa kushoto umekufa ganzi, niende kwake. Nilimwambia nimeamini, leo umepatia kweli, nikakata simu, nikarudi kwenye mkasi. Saa kumi na moja jioni jirani yake, fundi friji, aliona mlango uko wazi, akamkuta ameanguka jikoni, akambeba mgongoni ghorofa zote tatu hadi kwenye gari. Alilazwa siku tisa bila kuweza kusema, tarehe 14 alifungua macho, nikamwomba radhi, akanibana kidole, sijui ulikuwa msamaha au ni maumivu, siwezi kuwadanganya. Alifariki Jumamosi tarehe 17 Juni, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na tisa.

Juzi Jumapili, nikiandika orodha ya kazi zake, nilimuuliza mwongozaji wake jina la filamu aliyokuwa akiifanyia mazoezi, ili niitaje hapa. Akasema, dada, mara ya mwisho kumwita kazini ilikuwa Novemba 2020, na alivyosikia yeye, tangu hapo hakuna mwingine aliyemwita. Ndugu zangu, hapakuwa na filamu. Miaka miwili na nusu kaka alikuwa akinieleza maisha yake, nami nikawa nampa maksi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliokesha naye, inamshukuru fundi friji ambaye hakuwahi kuangalia filamu yake hata moja na ndiye aliyeingia ndani, inawashukuru majirani waliotupatia viti na maji, na waigizaji wenzake, hasa mwongozaji, ambaye angeweza kunidanganya kwa huruma na hakufanya hivyo.

Habari za siku nyingi, kaka. Mimi ni mzima, duka linakwenda, nimekukumbuka sana. Upumzike kwa amani.