Kufuli la Saa Saba Mchana

Shikamooni, wazazi wangu wa jumuiya. Mnisamehe, nitasoma kwenye daftari. Nikiwatazama usoni sitaweza.

Chumba chetu mnakijua. Kimoja, bati tupu juu, hakina dari. Dirisha ni moja, na wakati ule baba alikuwa amelipangia viroba vya mawe ya dhahabu hadi juu, wezi wasipitishe mkono, akisubiri zamu yake ya kuyasaga karashani, kwenye mashine ya kusagia mawe. Hewa ilikuwa ya mlangoni tu.

Bibi yangu, mama yake baba, aliletwa kutoka Mhunze macho yalipoanza kumsumbua. Kule nyumba yake ni ya nyasi. Siku ya kwanza tu alisema humu anaokwa kama kiazi, akabeba kigoda akakaa nje, kwenye kivuli cha ukuta wa jirani. Kivuli kikisogea, naye anasogea. Kila anayepita, bibi anamsalimia "Mwangaluka", salamu ya asubuhi ya Kisukuma, hata kama ni mchana, kwa sauti ya kuita ng'ombe.

Ndugu zangu, sitawaficha, nilimwonea aibu. Shuleni wakaanza kuniita Mwangaluka. Mimi sina mdomo wa kujibu. Narudi nyumbani naandika humu.

Siku moja ya mwezi wa kumi, mvua bado, nilirudi kula nikakuta wasichana watatu wa darasa letu wamesimama mbele yake. Wanamwamkia, wanacheka. Yeye anafurahi, anadhani amepata wageni. Walipoondoka nikamshika mkono nikamwingiza ndani.

"Mjukuu wangu, humo mna moto," akasema.

Nikamwambia ni kwa muda wa saa mbili tu, nitarudi. Nikafunga kufuli kwa nje, nikaenda kwenye vipindi vya mchana. Na darasani nilikaa moyo umetulia kabisa. Hapo ndipo panaponiuma kuliko pote.

Niliporudi, kufuli lilikuwa limevunjwa. Mama mmoja jirani, yupo hapa lakini simtaji, alimpelekea bibi maji, akaita asiitikiwe, akavunja kwa nyundo ya baba ya kugongea mawe. Bibi alikuwa ameanguka nyuma ya mlango, mwili unawaka, hata jina langu halijui. Majirani walikuwa wamemtoa nje, wamemlaza kivulini, wamemfunika kanga zilizolowa, wanampepea kwa sinia wakisubiri gari. Hospitali walisema joto lilimzidi mwilini, tungechelewa kidogo tungekuwa tunazika.

Fahamu zilipomrudia, baba alimwuliza ilikuwaje. Bibi akasema alijifungia mwenyewe, halafu komeo likamshinda. Jirani alisikia. Jioni aliniita pembeni.

"Kufuli nimelitupa chooni," akaniambia. "Maneno yake utayatoa wewe, siku ukiweza."

Baba aliviondoa viroba siku ileile. Mwaka mzima sasa namsikia akisema tamaa yake ya dhahabu ilitaka kumuua mama yake, kwa kuziba dirisha. Anasema hata tukiwa tunakula. Nami namega ugali.

Leo nimeweza. Baba, mlango haukuwa na komeo lililoshinda. Nilimfungia mimi.

Namshukuru jirani yangu kwa nyundo, na zaidi kwa kunisubiri. Nawashukuru vijana wa karashani waliombeba bibi mikononi hadi barabarani. Namshukuru Mungu aliyeniachia nafasi ya kumwomba bibi msamaha. Alinijibu kwamba watoto wa shule wana mambo mengi kichwani.

Mwenye mzee au mtoto mchanga chini ya bati, namwomba amtoe nje kivulini jua likipanda, ampe maji, hata kama anamtia aibu. Aibu yangu mimi ya siku ile ingeisha Ijumaa tu, masomo ya wiki yakiisha.

Bibi anakaa nje tena, ila miguu haina nguvu kama zamani. Wenzangu wakipita, mimi ndiye ninayeanza: mwangaluka. Na kivuli kikisogea, hawezi tena kusogea mwenyewe. Ananiita, nami namsogeza.