Sauti ya Pili Kando ya Jeneza

Nawasalimu nyote, wa Jumapili na wa Ijumaa, na wale ambao siku hizi hamwendi popote. Mulembe. Mwenyekiti wa kikundi chetu ameniambia nisimame nieleze nilivyoanguka na nilivyoinuka. Kuanguka nitaeleza vizuri, maana nakujua sana. Kuinuka mtavumilia kidogo, kwa sababu bado sijamaliza. Na kama mmekuja kumsikia mtu aliyewasamehe wote, mimi si huyo.

Wengi wenu mnanijua kama fundi wa nguo pale sokoni, yule anayeshona sare za shule. Lakini maisha yangu yote nilikuwa mwanakwaya, na katika kwaya nilikuwa sauti ya pili. Kwa ambaye hajawahi kuimba, nimweleze. Sauti ya kwanza ndiyo hubeba wimbo, ndiyo watu huondoka nayo wakiiimba njiani. Sauti ya tatu na ya nne ni za wanaume, na wanaume hata wakikosea watu husema wameimba vizuri. Sauti ya pili hakuna anayeisikia. Watu huijua siku ikikosekana, wimbo ukianza kuyumba na hakuna anayejua ni kwa nini.

Marehemu mume wangu alikuwa mwalimu wa kwaya yetu. Mchana alikuwa akipima miwa kwenye mizani ya kiwanda, jioni anakuja kutupima sisi. Alipenda ule muziki wa zamani wa Ulaya, wa watu waliokufa kabla babu zetu hawajazaliwa, na alitufundisha kwa solfa, do re mi ubaoni, kama alivyofundishwa yeye shuleni. Aliupenda mpaka nikaona haya. Mnaujua ule wimbo wa piano ambao malori mengine hupiga yakirudi nyuma? Mume wangu akiusikia alikuwa anasimama barabarani na kuvua kofia. Nikimwambia watu wanatuangalia, ananijibu kwamba mtu fulani aliutunga ule wimbo kwa moyo wake wote, sisi tumeugeuza honi, angalau mmoja amvulie kofia.

Na pale kwayani kila mtu alikuwa na wimbo wake. Wanaume wa sauti ya nne walipenda ule wimbo mkubwa wa Pasaka, ule ambao kanisa zima husimama ukiimbwa. Ukiwauliza sababu, wanakwambia kuna mahali wanaingia wao peke yao na watu wote wanageuka kuwatazama. Kulikuwa na mama mmoja aliyependa wimbo fulani wa maombolezo wa Mjerumani, kwa kuwa ulimkumbusha mvua ikitoka upande wa msitu, unaisikia kwenye majani kabla haijakufikia. Watu hawapendi muziki kwa sababu ni mzuri tu, ndugu zangu. Wanapenda mahali ndani yake ambapo wamejiona.

Wimbo wa mume wangu ulikuwa mfupi. Maneno ni ya Kilatini, na katika kwaya nzima hakuna aliyekijua Kilatini. Unakwenda polepole, hauna kelele, hauna mahali pa kupiga kifua. Nilimuuliza mara moja, tukiwa bado wachumba, kwa nini anaupenda hivyo na kuna nyingine zenye moto. Akasema huu unakwenda kama mtu anayetembea kwenye tambarare, halafu katikati kuna mahali sauti ya pili inashuka kidogo, nusu ngazi tu, na hapo mtu anaumia bila kujua nani amemgusa. Akasema, "Hiyo ni sauti yako. Ndiyo maana nakuoa." Nilicheka. Alikuwa mtu wa mzaha, lakini siku hiyo hakuwa anatania.

Alipougua figo tulihangaika naye muda mrefu. Kuelekea mwisho, wanakwaya walikuja kumwona nyumbani, akawaambia wamwimbie ule wimbo kwenye mazishi. Akaongeza kwamba sauti zote nne ziwepo. Zikiwa tatu, wanyamaze tu, ataelewa. Hakuomba kitu kingine. Hakuomba jeneza la bei wala suti.

Sasa mnajua mazishi ya kwetu. Tulimpeleka kwao, upande wa Iguhu. Mjane ana kiti chake kando ya jeneza, anafunikwa leso, wamama wa ukoo wanamzunguka, na kazi yake ni moja, kulia. Kila gari likifika getini na nduru zikaanza, mjane anatakiwa aitikie. Hakuna aliyekuandikia, lakini wote wanakuangalia. Nilikuwa nimelia hospitalini, nimelia nyumbani, nimelia nikimshonea shati la kuzikiwa. Hayo hakuna aliyeyaona.

Kwaya ikasimama. Sauti ya pili tulikuwa watatu tangu zamani: mimi, mama mmoja mwenye kifua kibovu, na dada mmoja mgeni ambaye alikuwa anaimba kwa kuegemea sauti yangu. Yule mama alikuwa ameimalizia sauti yake kwenye mkesha. Wakaanza ule wimbo, wakafika pale katikati, pale pa kushuka, sauti ya pili ikapotea, na wote wakaanguka. Msaidizi wa mume wangu akawasimamisha, akawapa sauti tena, wakaanza upya, wakaanguka palepale. Nyuma ya hema mtu akacheka. Nikaona mchungaji ameshika Biblia anataka kuinuka aendelee na ratiba.

Ndugu zangu, nawaambia, nilimtazama yule mtu ndani ya sanduku, nikajua kitu kimoja alichoomba duniani kinapita mbele yangu na mimi nimekalia kiti. Nikatoa leso kichwani, nikasimama, nikaenda kwenye mstari wangu.

Yeye mwenyewe ndiye aliyetufundisha, tangu siku ya kwanza, kwamba mtu hawezi kulia na kuimba kwa wakati mmoja. Machozi yakija, koo linafunga. Mwanakwaya anachagua. Kwa hiyo nilichagua. Nilikaza macho kwenye paa la jikoni la mama mkwe wangu, nikaimba wimbo wote, na pale pa kushuka nilishuka kama alivyotaka. Sauti zote nne zilikuwepo. Tulipomaliza nilirudi kwenye kiti changu macho yakiwa makavu, nikadhani nimemzika mume wangu vizuri kuliko mjane yeyote wa ukoo ule.

Wifi yangu hakungoja hata nikae. Alisema, na hakusema polepole, "Ndugu yetu yuko ndani ya sanduku na mkewe anaimba." Shemeji mkubwa akaongeza lake, kwamba mwanamke asiye na chozi ana jambo. Hilo neno jambo, akina mama, lilitembea kuliko gari la maiti. Kabla chakula hakijaisha lilikuwa limefika jikoni, na kule jikoni lilishapata miguu na mikono: nilimpa dawa vibaya, nilikuwa na mtu mjini, nilikuwa nangoja afe. Mama mkwe, ambaye nilimwosha miguu alipovunjika nyonga, alikataa uji kutoka mkononi mwangu.

Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka. Ukoo ulikaa kikao cha kumaliza matanga bila kuniita. Nilipokwenda kuchukua nguo zangu nilikuta nyumba yetu ya kule imefungwa kufuli nisilolijua, na shemeji amesimama mlangoni akiniuliza nimekuja kuimba tena. Nikarudi mjini, Amalemba, kwenye chumba cha kupanga. Wateja wawili watatu wakahamisha sare zao kwa fundi mwingine, maana nani anataka mtoto wake avae kitu kilichoshonwa na mkono kama wangu.

Lakini ukoo ni ukoo. Kilichonimaliza ni kanisa. Wazee wa kwaya walikuja, wakakaa, wakanywa chai yangu, wakasema ni vizuri nipumzike kwaya kidogo, kwa ajili ya amani. Wanakwaya wenzangu walijua. Walikuwa pale. Walikuwa wameanguka mara mbili mbele ya jeneza na mimi ndiye niliyewainua. Hakuna aliyesimama kusema huyu mama aliimba kwa sababu marehemu aliomba. Yule msaidizi akachukua ubao wa solfa na kiti cha mume wangu, na akipita dukani kwangu alikuwa anaangalia upande wa pili wa barabara. Nina uchungu na hao mpaka leo. Nausema hapa ili nisiubebe nyumbani peke yangu.

Binti yangu anafanya kazi Nakuru. Siku moja alinipigia simu, akazungukazunguka na habari za hali ya hewa, mwishowe akauliza, "Mama, kwa nini hukulia?" Mtoto niliyemzaa mwenyewe. Nikakata simu. Sikuimba tena. Redio nikaizima. Nilikuwa nikisikia lori linarudi nyuma, naingia ndani nafunga mlango.

Hivyo ndivyo nilivyokuja kwenu, nikiletwa na jirani, na wengi wenu mlidhani mimi ni bubu. Mnakumbuka. Mnajua kazi yetu: mmoja wetu akifiwa tunakwenda kupika na kuosha vyombo, ili wenye msiba wasiguse sufuria. Siku ile tulikuwa Buyangu, kwa mwenzetu aliyefiwa na kaka yake. Tuliketi nyuma ya nyumba kwenye masufuria ya obusuma, ugali wetu, yale makubwa yanayogandia. Kumbe nilikuwa naguna wimbo. Sikujua. Dada yetu mmoja kutoka Mumias, yuko pale ameinamisha kichwa anajifanya si yeye, akaacha kusugua akaniuliza, "Hiyo kitu unaimbanga kila tukikutana ni gani? Mbona haina kichwa?"

Kila tukikutana, anasema. Mimi niliyeapa sitaimba. Nikamwambia haina kichwa kwa sababu ni sauti ya pili, wimbo wenyewe uko kwa wengine. Akasema basi niimbe hiyo yenye kichwa, asikie inakaa wapi. Sauti ya kwanza sijawahi kuiimba maisha yangu yote. Nilikuwa naisikia tu pembeni, kutoka kwa wenzangu, na kutoka kwake akinyoa ndevu asubuhi. Nikajaribu. Nilifika pale katikati, na safari hii sikuwa na mahali pa kushuka. Wimbo ulikwenda juu nami nikaenda nao, halafu koo likafunga.

Nililia nikiwa nimeshika sufuria. Nililia kwa sauti ambayo sikujua ninayo, mpaka wenye boma wakatoka kuangalia. Nyinyi mliendelea kuosha. Hakuna aliyeniambia nyamaza, hakuna aliyeniambia endelea. Dada wa Mumias alisogeza tu maji ya moto yasinimwagikie.

Na sasa sikilizeni dunia ilivyo. Wazee wa boma lile hawakunijua, wala mimi sikumjua marehemu wao. Waliponiona nalia vile walisema huyu mama ana utu, angalieni anavyomlilia mtu wetu. Wakaniletea kiti mbele, pamoja na familia. Wakanitengea ingokho, kuku wa wageni, nyama nzuri. Kwa mume wangu niliyemuuguza niliitwa muuaji. Kwa mtu nisiyemjua hata uso nikapewa kiti cha heshima. Niliila ile nyama yote, akina mama, na nilikuwa na hasira kila tonge. Lakini kutoka siku ile niliacha kujiuliza kama kweli nilikosea. Watu wanaohesabu machozi hawajui yanakotoka, na mimi nilikuwa nimekaribia kufa kwa hesabu yao.

Nilimpigia binti yangu simu mwenyewe. Nilimweleza yale ambayo baba yake alisema kuhusu koo. Akaomba nimwimbie sehemu yangu. Nikamwimbia, ile isiyo na kichwa. Akasema hakujua kwamba ndani ya ule wimbo kulikuwa na huyu mtu mwingine. Alikuwa analia yeye, na mimi nikaimba mpaka mwisho.

Sasa mnanisikia nikiimba dukani. Sare zimerudi, si zote. Kabla ya Pasaka wazee wa kwaya walikuja tena, wakanywa chai tena, wakasema sauti ya pili imelegea na wangependa nirudi. Habari ya yale yaliyopita hawakuigusa. Niliwaambia nitarudi siku watakaposimama mbele ya kanisa na kusema ni nani aliyewaomba waimbe siku ile na ni nani aliyewainua. Walimaliza chai. Mpaka leo nawangoja. Iguhu kufuli bado liko mlangoni, na kaburi la mume wangu naliona kutoka barabarani.

Nawashukuru nyinyi mliokuwa kwenye masufuria. Namshukuru dada wa Mumias kwa sikio lake na kwa udadisi wake. Namshukuru jirani aliyenileta hapa kwa nguvu. Kama kuna somo ni hili: ukifika kwenye msiba, shika sufuria, shika mtoto, shika ndoo. Uso wa mjane uache. Hujui anazuia nini ili kitu fulani kisianguke.

Mwenyekiti aliwatangazia kwamba nikimaliza nitawaimbia ule wimbo. Najua wengine mmeungoja, na dada zetu wa huku mbele mmejifunza sauti ya kwanza vizuri kabisa. Lakini mtanisamehe. Koo limeanza kufunga tangu nilipotaja lile kaburi, na leo, mbele yenu, nimeamua kuliacha lifunge.