Injini Apewe Nicanor

Osniel, zima hilo feni, linameza sauti yangu. Na wewe Idalmis, sogea hapa kitandani, futa machozi kwanza, maana ninayoyasema leo sitaweza kuyarudia. Nyumba ni yenu wote wawili, mmeshaelewana, hilo halinisumbui. Linaloninyima usingizi ni pikipiki aliyoniachia babu yenu: injini yake iko chumba cha nyuma, imefunguliwa, imelazwa juu ya magazeti, na najua siku nikifumba macho kuna watu hapa Cárdenas watakuja kutoa pole huku wakichungulia mlango ule.

Usimpe yule rafiki yako wa Varadero, Osniel, hata kama karakana yake inang'aa. Nilimuuliza kama naweza kukaa karibu akiifunga, akanijibu, "Mzee, we nenda kanywe kahawa, nitakuita." Fundi wa namna hiyo mkimbieni. Fundi wa kweli anakuwekea kiti, na kila anachokitoa anakukabidhi mkononi, hata ringi iliyokatika, uende nayo nyumbani. Mji huu namjua mmoja tu anayefanya hivyo, naye ni Nicanor.

Naona mnavyotazamana. Ndiyo, Nicanor mwizi wa pistoni, niliyewakataza hata kumwamkia. Hakuiba, wanangu. Miaka ile ya njaa, Idalmis, ulikuwa na miaka minne, mapafu yamekubana, na dawa hazikuwepo mji mzima. Nicanor alikuwa ametoka kuifunga injini kwa pistoni zake za asili, na sisi wenye pikipiki hizi kongwe tuliapa kwamba mchuuzi hapewi kifaa cha asili hata iweje. Nilizitoa mwenyewe, nikampa mchuuzi wa Havana, akanipa penisilini, nikachongesha pistoni za gari la Kirusi nikazipachika. Ukapona. Mwezi haukuisha, injini ikanoki barabarani mbele ya wenzetu wote. Wakaifungua palepale, wakaziona, wakamgeukia Nicanor. Yeye alinitazama mimi, akingoja niseme. Nami, Mungu anisamehe, nikasema, "Na nilivyomwamini huyu!" Tangu siku hiyo hakuna aliyempelekea injini, na mikono ile imezeekea kwenye kutengeneza sufuria za presha.

Dawa siijutii hata kidogo, binti yangu. Naujutia mdomo wangu.

Mkishanizika, fanyeni hivi. Msiende na injini. Nendeni mikono mitupu, mkayaseme haya mbele ya wenzetu wote, neno kwa neno, msinipunguzie aibu. Akikubali kuifunga, kaeni kwenye kiti atakachowawekea. Akikataa, msimbembeleze wala msitafute mwingine: mpeni pikipiki nzima, iwe yake, hata akitaka kuiuza vipande vipande. Usinune, Osniel. Nimesema.

Maji... kidogo tu, basi. Bikira Maria wa Cobre awafunike, awape watoto wenye afya, awape... moyo usioruka kila mlango unapobishwa, kama huu wangu.

Hapana. Ngojeni. Kumwambia mkishanizika ni woga uleule. Mwiteni Nicanor sasa hivi, aje anikute napumua. Naogopa hatakuja... naogopa zaidi kwamba atakuja. Idalmis, niachie mkono. Nenda, mama. Kimbia.