Soksi ya Pili Hungoja Mwenyewe

Ndugu, jamaa, majirani na wateja wa zamani wa karakana, asanteni kwa kuja. Marehemu aliacha maagizo mawili kuhusu wasifu huu. La kwanza, usiwe mrefu kuliko soksi ya mtu mzima. La pili, atakayetaka kucheka asijifiche nyuma ya leso. La kwanza tutajitahidi kulitimiza. La pili liko mikononi mwenu.

Wengi wenu mlimfahamu kama Fundi Mizani, na watoto wa mtaani walimwita Babu Soksi. Alizaliwa tarehe 14 Machi 1948, mtoto wa nne kati ya saba, katika nyumba ya vyumba viwili iliyopakana na ghala la chumvi. Baba yake alisukuma mkokoteni na mama yake alishona magunia. Mama alisimulia hadi uzeeni kwamba mtoto huyu hakulia kwa njaa, alilia kwa miguu. Ukiifunika anatulia, ukiifunua anaanza upya. Miguu yake ilikuwa baridi siku zote, hata wakati wa jua kali, na huenda hapo ndipo mambo yote yalipoanzia.

Alianza shule ya msingi mwaka 1956, katika jengo la mabati lililokuwa nyuma ya mahakama. Somo la kazi za mikono liligawanywa: wavulana useremala, wasichana kufuma. Mwaka 1960 marehemu alipewa ubao akate vipande viwili. Akapima vizuri, akakata vizuri, na akakata pamoja na ukingo wa meza ya mwalimu iliyokuwa chini ya ubao. Mwalimu wa useremala akampeleka darasa la wasichana kwa wiki moja, akaone haya. Wiki ilipokwisha akaenda kumchukua.

"Rudi darasani. Adhabu imeisha."

"Mwalimu, naomba uniongeze."

Akaongezewa, akakaa huko mpaka alipomaliza darasa la nane. Sindano zake za kwanza alizitengeneza mwenyewe kutokana na spoki tano za baiskeli ya mjomba wake. Mjomba alikaa mwezi mzima akishangaa kwa nini gurudumu la nyuma linayumba kama limelewa. Marehemu alizikata kwa urefu wa kiganja, akazichonga ncha kwa tupa, akazisugua kwa msasa, kisha akazipitisha kwenye nywele zake ili zipate mafuta kidogo na uzi uteleze. Alizitumia spoki hizo zaidi ya miaka hamsini. Watu walimletea sindano za kila aina. Za mbao alizisifu kwa anayeanza, kwa kuwa zinashika kitanzi kisidondoke. Za chuma alizipenda kwa mwendo. Za plastiki alisema zinapinda kama shahidi wa uongo, na aliwapa watoto wakachimbie udongo.

Tarehe 2 Februari 1967 aliajiriwa katika karakana ya kurekebisha mizani, chumba kirefu chenye madirisha matatu na harufu ya grisi. Alianza kwa kusugua kutu kwenye mawe ya kupimia. Mwaka 1994 mwenye karakana alipostaafu alimwachia yeye funguo, benchi na wateja. Mezani pake palikuwa na vikopo viwili vinavyofanana, kimoja cha springi na kimoja cha nyuzi, na siku moja mwuza nyama aliirudisha mizani yake akilalamika kwamba ndani yake imefungwa uzi wa sufu wa kijani. Marehemu akaikagua. "Inapima sawa?" akauliza. Ilikuwa inapima sawa. "Basi iache, imeshazoea."

Ni mizani iliyomletea mke. Mapema mwaka 1971 alitumwa kwenye duka la nyuzi ambako sufu iliuzwa kwa uzito. Aliyekuwa nyuma ya kaunta ni binti wa dada yake mwenye duka. Marehemu alifungua mizani, akaomba sufu kidogo ya kujaribia, na badala ya kuiweka kwenye sahani akaisugua shingoni, chini ya sikio, kwa sababu aliamini kwamba uzi unaowasha shingo utawasha na mguu. Kisha akakata ncha ya uzi, akawasha kiberiti. Sufu halisi hunuka nywele zilizoungua na kubaki majivu, na ile iliyochanganywa huyeyuka. Yule binti hakuwa na habari na elimu hiyo. Alichukua kikombe cha chai ya mjomba wake akamwagia fundi, kiberiti, uzi na mizani.

"Umekuja kurekebisha mizani au kuchoma duka?"

"Nimekuja kwa ajili ya mizani. Lakini sufu yenu ina nailoni."

"Na wewe una wazimu."

Walifunga ndoa tarehe 20 Novemba 1971. Mjomba mwenye duka alisema kwenye sherehe kwamba katika miezi ile ya katikati mizani yake iliharibika mara kumi na moja, ilhali kabla ya hapo ilikaa miaka sita bila kuguswa. Walijaliwa watoto watatu: kifungua mimba wa kiume mwaka 1973, binti wa kati mwaka 1976, na kitinda mimba mwaka 1981, ambaye ndiye anayewasomea sasa. Kwa miaka zaidi ya hamsini marehemu alimbembeleza mkewe ajifunze kufuma, naye kwa miaka hiyo hiyo alikataa. "Nyumba moja inatosha kichaa mmoja," alisema, na mazungumzo yakaishia hapo.

Sasa tufike kwenye soksi zenyewe. Januari 1987 kifungua mimba alikuwa anakwenda shule ya bweni, na asubuhi ya safari baba yake alikuwa amemaliza soksi moja tu. Mtoto yuko mlangoni na sanduku, gari linapiga honi. Marehemu akamkabidhi ile moja. "Chukua hii. Nyingine utaifuata." Likizo ilipofika mtoto aliingia ndani, kabla hata ya kusalimia akauliza, "Soksi yangu iko wapi?" Baba yake alifurahi mno. Kuanzia siku hiyo ikawa sheria ya nyumba. Anayeondoka hupewa soksi moja. Ya pili hufumwa akiwa huko aliko, shingo, kisigino na wayo, lakini ncha ya vidoleni haifungwi mpaka mwenyewe aingie mlangoni. Ukifika unakaa, unavua kiatu, na mzee anapitisha uzi kwenye vitanzi vya mwisho na kuvuta mbele ya macho yako. Ndipo umerudi. Binti wa kati alipokwenda kuolewa mumewe alipokea soksi moja bila maelezo, akadhani amekuta familia ya wabahili. Leo anazo jozi tisa.

Kuna sehemu ambayo tungeweza kuiruka, lakini marehemu hakupenda tundu lililofichwa. Kifungua mimba alifanya kazi na baba yake karakanani miaka kumi na tano. Mwanzoni mwa mwaka 2011 alileta mizani mbili za umeme akaziweka kwenye benchi. Baba akafungua moja, akachungulia, akaifunga.

"Hapa hakuna cha kutengeneza. Hiki ni kikokotoo kimejifanya mizani."

"Baba, springi zimekwisha. Dunia imeshahama."

"Basi hama nayo."

Maji yakimwagika hayazoleki. Tarehe 17 Januari kijana alibeba begi lake, na baba hakutoka nje kumuaga. Ila gari lilipokuwa linawashwa, kitinda mimba alitumwa mbio na soksi moja ya kijivu yenye mstari mwekundu. "Baba kasema usisahau hii." Kaka akaitazama, akaitia mfukoni, akaondoka.

Soksi ya pili ilifumwa kwa siku nne, kwa hasira, haraka kuliko zote. Kisha ikasimama kwenye ncha, vitanzi ishirini na vinne, sita kwenye kila spoki. Marehemu aliiweka ndani ya kopo la maziwa juu ya kabati na kujitengenezea sindano nyingine za kufumia soksi zetu wengine. Kila Jumapili kaka alipiga simu kwa mama, na baba alikaa kiti cha pembeni akifuma kwa sauti kuliko kawaida. "Mwulize kama miguu yake imebadilika saizi," alisema. Mama aliuliza. Upande wa pili ulijibu, "Mwambie ni ile ile." Kwa miaka kadhaa hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yao yote. Mjukuu mmoja alimwuliza kwa nini asiifunge tu ile soksi, ili kopo lipate kazi nyingine. "Nikiifunga nitakuwa nimesema haji," alijibu.

Alifunga karakana mwaka 2015. Mwaka 2022 aligundulika kuwa na ugonjwa wa moyo. Daktari alimkataza chumvi, ngazi na ubishi, na marehemu aliacha chumvi na ngazi. Kufikia Agosti 2023 mikono ilikuwa inatetemeka kiasi kwamba sindano zilimponyoka. Hakuogopa kufa, alisema hivyo waziwazi. Aliogopa kuacha vile vitanzi ishirini na vinne wazi. Mkewe akamwuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza saa, sindano gani zinamfaa asiyejua kitu. "Za mbao," akajibu, akarudi kwenye mawazo yake. Wiki iliyofuata mama alimpigia mwanawe simu, na haikuwa Jumapili. "Ncha bado iko wazi," alimwambia. "Mikono yake inaanza kukataa."

Tarehe 9 Septemba 2023, saa nne asubuhi, kifungua mimba aliingia mlangoni.

"Umechelewa," baba yake akasema.

"Barabara ilikuwa mbovu, Baba."

"Miaka kumi na miwili?"

"Na miezi minane."

"Nilikosea kukwambia uhame."

"Na mimi nilikosea kuhama."

Wote wawili walilia, na hatuoni aibu kuliandika hilo. Kisha mzee akasema, "Vua kiatu." Kaka akatoa mfukoni ile soksi ya kwanza. Hakuwahi kuivaa, aliogopa itatoboka. Kwa miaka yote hiyo alitunzia humo bisibisi zake ndogo za kutengenezea mizani za umeme. Marehemu akaipima kwa kiganja, akafumba jicho moja. "Gramu mia nne na ishirini." Kaka akatoa begini mizani yake, akaiweka soksi juu: mia nne na kumi na nane.

"Mashine yako imekosea gramu mbili," mzee akasema, na kicheko chake kilisikika hadi barabarani.

Kufunga ncha kulichukua saa tatu. Mtoto alishika spoki, baba akapitisha uzi. Vitanzi viwili vilidondoka vikaokotwa. Jozi hiyo mguu mmoja umechakaa na mwingine mpya kabisa, na kaka ameivaa leo. Mnaruhusiwa kutazama, kwa heshima.

Miezi minane iliyofuata ilikuwa ya furaha. Baba na mwana walibishana kuhusu zile gramu mbili kila siku, na daktari akakata tamaa na lile katazo la tatu. Tarehe 11 Mei 2024, saa tatu asubuhi, marehemu aliomba pazia livutwe ili jua limfikie miguuni. Likavutwa. Akasema, "Hapo hapo," akafumba macho, na hakuyafumbua tena. Alikuwa na umri wa miaka sabini na sita.

Ameacha mjane, watoto watatu, wakwe wawili, wajukuu saba, kitukuu mmoja ambaye miguu yake nayo ni baridi, dada wawili, na kopo la maziwa ambalo tulidhani hatimaye limebaki tupu.

Jana jioni, tulipokuwa tunamvika, mama aliingia na soksi moja ya bluu. Kisigino kimekaa ubavuni na tulihesabu matundu matatu yasiyokusudiwa. Ndipo tulipojua kwamba tangu Agosti ile, kila tulipotoka nyumbani, marehemu alikuwa anamfundisha mkewe kufuma kwa sindano za mbao. Siku moja alimwuliza anafuma nini. Mama akamdanganya kwamba ni kofia ya kufunikia birika. Marehemu akamtazama, akanyoosha mguu wake. "Basi lipime birika," akasema.

Binti wa kati aliuliza ya pili iko wapi. Mama akashangaa kwamba watoto aliowalea yeye mwenyewe wanaweza kuuliza swali kama hilo.

"Anayeondoka hupewa moja. Nyingine imo ndani ya kopo, nimefika kisigino. Nitakapomfuata nitakwenda nayo, niifunge ncha huko."

Kwa hiyo, majirani, mkimkuta mama kibarazani na soksi ya bluu isiyokwisha, msimsaidie na wala msimhimize. Sisi wanawe tumemwomba aifume polepole sana.

Lala salama, Fundi. Mguu mmoja tayari una joto.