Olive Hobson, Mkerezaji wa Zamu ya Mchana

Maureen na Roy walitaka wasifu wa mama yao usomwe na mchungaji, kwa kuwa ana sauti nzuri. Nikawaambia sauti anayo, habari hana. Mimi ni Nellie Lomas, wifi wa marehemu, dada wa mumewe, na nimeishi naye kwa karibu miaka hamsini na minne. Kuna kazi aliyoifanya ambayo haijaandikwa popote kwa jina lake. Isipoandikwa leo kwenye karatasi mlizoshika, tutaizika pamoja naye, na lawama itakuwa yangu.

Marehemu Olive Hobson alizaliwa tarehe 3 Machi 1919 hapa hapa Attercliffe, Sheffield, akiwa wa pili kati ya watoto watano wa mzee Joseph Barraclough, mfua chuma, na mkewe Harriet. Alikuwa mdogo wa mwili na mwingi wa maneno, na hakubadilika.

Alisoma shule ya mtaani mpaka mwaka 1933, alipotimiza miaka kumi na minne. Kwenye hesabu hakuwa mbaya. Kwenye kukaa kimya alishindwa kabisa. Kisha akamfuata mama yake kazini, kung'arisha vijiko na uma kwenye gurudumu la mashine, wanawake wamejifunga karatasi za kaki kutoka kifuani hadi miguuni ili wasichafuke. Walichafuka vile vile. Kazi ile ndiyo iliyompa mikono ambayo ikigusa chuma inajua kimezidi wapi.

Jumamosi, tarehe 6 Aprili 1940, alifunga ndoa na kaka yangu Clifford. Bwana harusi alikuwa na ruhusa ya siku tatu kutoka jeshini, na moja iliishia kwenye treni. Maureen alizaliwa tarehe 19 Januari 1941, baba yake akiwa ameshapelekwa Afrika ya Kaskazini. Mwanangu Keith alikuwa na miaka mitatu, na mume wangu alikuwa vitani baharini. Basi nikahamia kwa Olive, tukawa wanawake wawili, watoto wawili na jiko moja. Siku ya kufua tulipika viazi, siku ya kupiga pasi tulipika viazi, na Jumapili Olive alivipika vile vile akavipa jina la Kifaransa. King'ora kikilia tulikimbilia handakini uani, yeye na mtoto kifuani, mimi na birika la chai.

Mwezi Mei mwaka huo kiwanda kimoja kilitangaza kinataka wanawake wa kukereza, yaani kuchonga kwa mashine, vipande vya injini za ndege. Tukaenda wote. Olive wakamkataa kwa kuwa alikuwa na mtoto wa kunyonya. Mimi wakanichukua, kutwa nzima. Baada ya wiki mbili nilikuwa nimechoka mpaka natia chumvi kwenye chai, nikasema naacha. Mke wa askari haachi kazi hivi hivi, posho yenyewe ilikuwa haifiki Alhamisi. Ndipo Olive akatoa shauri tugawane: asubuhi mimi, mchana yeye, kwa kadi moja ya kazi, yenye jina langu. Bahati tulilingana kimo. Ovaroli moja, kitambaa cha kichwa kimoja, uso umepakaa mafuta ya mashine, na mle ndani kelele haimruhusu mtu kumsikia mwenzake. Saa saba, watu wakitoka kwenda kula, tulibadilishana nguo kwenye choo cha uani kwa jirani wa kiwanda, mimi nikashika watoto naye akaingia getini. Tungegunduliwa tungefukuzwa wote wawili, na watu walisema kuidanganya serikali wakati wa vita ni jela.

Hatari haikuletwa na sura, ililetwa na mikono. Nyapara wetu, Bwana Staniforth, mtu ambaye sijapata kumwona akicheka, alisimama karibu yangu siku moja akasema asubuhi namharibia vipande saba, mchana siharibu hata kimoja, na alitaka kujua mchana huwa nakula nini. Nikamjibu viazi. Akasema basi nivile na asubuhi. Olive aliposikia alicheka mpaka akamwamsha mtoto.

Sifa zikazidi, zote zangu. Jumatano ya tarehe 15 Oktoba 1941 wakaja wakubwa kutoka London, saa nne asubuhi, kuutazama mkono wa Bi. Lomas. Bi. Lomas mwenyewe alijua kwamba mkono huo si wake. Olive akaingia badala yangu. Akakereza valvu ya kwanza mbele yao, wakapima, sawasawa. Ya pili, sawasawa. Ya tatu ikaangukia saa ya Maureen kunyonya, na maziwa hayajui vita wala wageni. Yakashuka, yakalowesha ovaroli pande zote mbili. Staniforth alijua vizuri kwamba mtoto wa Bi. Lomas aliachishwa ziwa zamani.

Olive alinisimulia kwamba mikono haikuacha kazi. Staniforth akavua koti lake, akamfunika, akawaambia wakubwa kwamba pembe ile ina baridi. Walipopita mbele akamwinamia sikioni.

"Wewe si Bi. Lomas."

"Mimi ni wa mchana," Olive akamjibu.

"Basi, mama wa mchana, nenda ukamnyonyeshe mtoto. Mwambie wa asubuhi aje amalizie zamu, na asiniguse valvu."

Tangu siku hiyo nilipangiwa kufunga vipande kwenye maboksi, na mashine ikawa inamngoja mwenyewe. Staniforth hakumwambia mtu mpaka anaingia kaburini.

Mwaka 1945 ikaja barua ya shukrani, ndani ya fremu, kwa Bi. Nellie Lomas, kwa ustadi wa mikono yake. Nilimpelekea Olive akakataa, akasema hawezi kutundika jina la mtu mwingine sebuleni kwake. Nikaitundika kwangu. Wageni wamenisifu kwa ajili yake miaka arobaini na tisa, nami nimekuwa nikizimeza sifa hizo na chai yangu. Naona haya, na ni haki yangu kuona haya.

Clifford alirudi Februari 1946, na Roy akazaliwa mwaka uliofuata. Olive alipika chakula cha shule kwa miaka ishirini na mmoja, hadi alipostaafu mwaka 1979. Clifford alitutangulia mwaka 1981.

Moyo ulianza kumsumbua Novemba iliyopita, akalazwa mwezi Februari. Tarehe 3 Machi alitimiza miaka sabini na mitano. Alikula keki vipande viwili na kumgombeza muuguzi aliyemnyima cha tatu. Siku hiyo nikamwambia kwamba safari hii nitasema.

"Ngoja nife kwanza," akasema. "Wakinikamata nikiwa hai, nitakutaja."

"Nataka jina lako liandikwe, Olive."

Akakung'uta makombo ya keki shukani. Kisha akasema, "Haya. Lakini waambie na ile valvu ya tatu niliimaliza."

Aliimaliza. Alifariki Jumapili, tarehe 6 Machi 1994, asubuhi, Maureen akiwa amemshika mkono.

Ameacha watoto wawili, Maureen na Roy, wajukuu watano, kitukuu mmoja, mdogo wake Ernest, Keith, aliyemlea kila asubuhi ya vita, na mimi wifi yake. Kazi yake: mkerezaji wa vyuma, Mei 1941 hadi Agosti 1945. Ile barua nimeitoa ukutani, iko pale mezani, Maureen ataichukua. Jina langu nimelikata kwa mstari, na juu yake nimeandika la Olive kwa wino. Mungu ampumzishe kwa amani, na huko alikokwenda aingie kwa jina lake mwenyewe.