Mzee Geuza Anafunga Dirisha Namba Tatu

Ijumaa tarehe 30 Juni, saa kumi kamili jioni, dirisha namba tatu la Ofisi ya Ruzuku litafungwa na mtu yule yule aliyelifungua kwa miaka thelathini na minne. Wiki iliyopita mhasibu wetu mpya aliniuliza kama Geuza ni jina la ukoo. Siyo. Ni jina tulilompa sisi wa meza za jirani. Alilikataa miaka miwili mizima, kisha siku moja akaliitikia bila kujijua, na hapo mchezo ukaisha.

Alianza kazi akiwa kijana mwembamba wa kupiga mihuri. Ofisi nzima ilikuwa chumba kimoja nyuma ya maktaba, chenye makabati mawili ya chuma na feni iliyozunguka ilipojisikia. Kwa wasioijua kazi yetu, ruzuku si mkopo. Hupewa mwanafunzi wa shahada ya kwanza ambaye kwao hawajiwezi, naye harudishi chochote, anatakiwa kusoma tu. Ndiyo maana foleni ya mwanzo wa mwaka hufika hadi bustanini, na fomu yetu huuliza maswali hadi watu wanakasirika: mzazi anafanya kazi gani, ndugu wangapi wanasoma, nyumba mnayoishi ina vyumba vingapi.

Kutoka kwenye mihuri alipanda kuwa karani, kisha mkaguzi wa fomu. Jamani, alikuwa mkali! Fomu ikikosa saini ya mlezi, inarudi. Ikiwa na doa la chai, inarudi na mwenyewe anatazamwa. Wanafunzi walimwita mkono wa birika, utadhani ruzuku ilitoka mfukoni mwake. Mimi nilipohamishiwa meza ya pili, katika mwaka wake wa tisa, nilimwogopa kweli kweli. Nalisema leo kwa kuwa hawezi kunipangia zamu tena.

Mwaka wa kumi na moja ndio uliomgeuza. Msichana mmoja aliyechaguliwa kusomea ualimu wa hisabati alijaza fomu kwa mwandiko safi, na kwenye swali la vyumba akaandika tisa. Utaratibu wetu ulikuwa wazi: vyumba vingi, alama chache. Mzee akapitisha kalamu nyekundu, jina likatoka kwenye orodha, orodha ikasainiwa.

Wiki tatu baadaye yule binti alikuja dirishani kuchukua cheti chake cha sekondari. Hakulalamika. Alisema tu kwamba bila ruzuku hawezi kuandikishwa, na nyumbani ameshatafutiwa kazi ya kufua. Mzee, kwa kejeli kidogo, akamuuliza mtu wa vyumba tisa anatafuta nini kwenye foleni ya wenye shida. Binti akamjibu kwa adabu kwamba maelezo aliyaandika nyuma, maana mbele hapakuwa na nafasi.

Mzee akageuza fomu. Nyuma palikuwa na mistari minne ya penseli, ambayo sijaisahau: "Mama ni mtunzaji wa nyumba hiyo, si yetu. Mmeuliza tunayoishi, nami sikutaka kusema uongo. Tunalala stoo, mimi, mama na wadogo zangu wawili. Naomba msikate jina langu kabla ya kusoma hapa." Kwa miaka yote hiyo nyuma ya fomu palikuwa patupu, na hakuna aliyewahi kuangalia. Mzee alikaa chini taratibu. Kisha akafanya jambo ambalo kanuni zinakataza: alimnyima binti wa watu cheti chake mwenyewe ili asitupotee, akamwambia arudi Ijumaa.

Mwenyekiti wa kamati ya ruzuku, mama mmoja wa sheria asiyetaniwa, alimweleza kwamba orodha ikishasainiwa haifunguliwi, isipokuwa kosa likiwa la ofisi na aliyelifanya akiri kwa maandishi. Barua hiyo ingekaa kwenye jalada lake daima. Na mwezi ule ule jina la Mzee lilikuwa mezani kwa cheo cha mkuu wa kitengo. Mimi, naona aibu kusema, nilimshauri anyamaze, binti aombe tena mwakani. Alinitazama, akasema bila kupandisha sauti kwamba mwakani yule binti hatakuwepo. Akaandika barua. Ilikuwa na aya moja, na sentensi yake ya kwanza ilisema: "Nilisoma upande mmoja."

Ijumaa, ikiwa imebaki saa moja dirisha la usajili lifungwe, binti akaandikishwa. Cheo akapewa mwingine. Mzee alimpa mwenzake mkono wa pongezi, akamwonyesha na namna ya kufungua lile kabati linalokwama. Yeye alikipata cheo hicho miaka sita baadaye.

Tangu hapo hakuna karatasi iliyopona mikononi mwake. Alikuwa akigeuza risiti za kantini, vyeti vya daktari, tiketi. Alipogeuza kadi ya harusi ya binti yangu, akakuta mchapaji ametuwekea nyuma ramani ya ukumbi wa watu wengine. Tulimcheka kabla ya hapo, baada ya hapo tukamshukuru. Mkewe anasema amekoma kumwandikia orodha ya sokoni, kwa sababu lazima apige simu kuuliza mbona nyuma hapana kitu.

Yeye ndiye aliyeishawishi kamati ichapishe nyuma ya kila fomu swali moja: "Kuna jambo ambalo hatukukuuliza?" Mwaka huu fomu zilipohamia kwenye kompyuta, alienda na kiti chake kwa fundi wa mitambo kila Jumatatu. Fundi, binti mwenye subira kubwa, akamweleza kwamba skrini haina nyuma. Mzee akajibu kwamba basi apewe chini. Leo swali lake lina kisanduku chini ya fomu, na kitufe cha kukataa hakibonyezeki mpaka mkaguzi afungue kisanduku hicho. Hilo ndilo alilotuachia, nasi hatutalichezea.

Sasa anakwenda nyumbani. Mkewe, ambaye ni fundi cherehani, ameshamtengea kiti dukani, na nimemwonya kwamba kila nguo itageuzwa nje ndani mbele ya mteja. Mzee wetu, asante kwa kazi, kwa utani na kwa ile barua. Nitakukosa sana. Ofisi nzima inakuombea afya, usingizi wa kutosha na siku njema zisizo na foleni.

Nakala yako ya jarida hili tuliichapa upande mmoja tu, tukaizungusha kwa watu wako waandike nyuma. Wenye nakala za kawaida msihangaike kugeuza, nawaibia mstari mmoja. Uko juu kabisa, umeandikwa kwa penseli na mwalimu mmoja wa hisabati: "Sasa ni vyumba vitatu. Kimoja ni cha mama."